Lutindi na Njia ya Kurudi Nyumbani

Reli ya Tanga ilifika Korogwe mwaka 1902. Wajerumani waliianza mwaka 1893 pale bandarini, ikafika Muheza mwaka 1896, ikasuasua kwa uhaba wa fedha, kisha ikasogea hadi Mombo na hatimaye Moshi mwaka 1911. Wanaoandika habari zake huzungumzia mkonge, kahawa na mbao. Ni wachache wanaokumbuka kwamba miaka miwili baada ya reli kufika Korogwe, stesheni hiyo ikawa kituo cha mwisho cha safari ya aina nyingine kabisa. Mgonjwa wa akili aliyetoka Dar es Salaam, Kilwa au Bagamoyo alifikishwa Tanga kwa meli, akapakiwa kwenye treni, akateremshwa Korogwe, na kutoka hapo akapandishwa milima ya Usambara kwenda Lutindi.

Lutindi iko zaidi ya mita elfu moja juu ya usawa wa bahari, mahali penye ukungu na baridi ambayo mtu wa pwani haizoei upesi. Ndiko ilikofunguliwa, mwaka 1904, hospitali ya kwanza ya magonjwa ya akili katika eneo ambalo leo ni Tanzania Bara. Ukiwa Tanga mjini hata sasa, mtu akifanya vituko barabarani, hakosi mmoja wa vijiweni atakayesema huyo ni wa Lutindi, kama vile watu wa Dar es Salaam wanavyoitaja hospitali ya Mirembe. Utani huo si mzuri, lakini una historia ndefu.

Majengo ya Lutindi hayakuanza kwa ajili ya wagonjwa. Mwaka 1893 Waprotestanti wa Ujerumani waliunda Evangelischer Afrika-Verein, chama cha kupinga utumwa, na mwaka 1896 kikafungua makao huko mlimani kwa ajili ya watoto waliokombolewa kutoka kwenye misafara ya watumwa. Pwani ya Pangani ilikuwa bado inanuka biashara hiyo. Abushiri bin Salim, aliyewaongoza watu wa pwani kupigana na Wajerumani, alikuwa amenyongwa Pangani Desemba 1889, na bandari hiyo hiyo ndiyo iliyokuwa mlango wa watumwa na pembe za ndovu kwa miaka mingi. Lakini watoto wa kukombolewa walizidi kupungua kadiri miaka ilivyokwenda. Nyumba zikabaki, shamba la kahawa likabaki, na mashemasi wa Kijerumani waliokuwa wakiyasimamia wakabaki pia. Serikali ya kikoloni kwa upande wake ilikuwa na watu ambao haikujua iwaweke wapi, watu waliokuwa wakiishia jela au kufungiwa kwenye vyumba vya hospitali za serikali. Pande mbili zikakutana.

Mashemasi hao walitoka Bethel, karibu na mji wa Bielefeld. Bethel ilianzishwa mwaka 1867 kama makao ya wenye kifafa, na tangu mwaka 1872 iliongozwa na mchungaji Friedrich von Bodelschwingh, aliyeigeuza kuwa mji mzima wa wagonjwa wenye karakana, mashamba na kanisa lao. Imani yake kuu ilikuwa kwamba mgonjwa apewe kazi, asipewe sadaka. Misheni iliyokuja kujulikana kwa jina la Bethel ilikuwa tayari inafanya kazi Usambara: Mlalo tangu 1891, Mtae tangu 1893, Vuga tangu 1895, Bumbuli tangu 1899. Kwa hiyo ule mpango wa Bielefeld ulipohamishiwa Lutindi haukuhitaji kubuniwa upya. Mgonjwa aliamka, akasali, akaenda shambani. Kahawa wakati huo. Chai ikaja baadaye.

Jambo la kushangaza kwa msomaji wa leo ni kwamba hospitali hiyo haikuwa na daktari wa akili. Haikuwa pia na dawa za kutibu magonjwa hayo, maana dawa hizo hazikuwepo popote duniani. Mwaka huo huo wa 1904, Emil Kraepelin, profesa wa Munich ambaye mgawanyo wake wa magonjwa ya akili bado unafundishwa vyuoni, alikuwa kwenye hospitali ya Buitenzorg kisiwani Java, akichunguza kama wagonjwa wa huko wanaugua kwa namna ile ile ya Wazungu. Alikuwa na majina ya magonjwa. Tiba hakuwa nayo zaidi ya mashemasi wa Lutindi. Walichokuwa nacho wote wawili ni kitanda, chakula, kazi, maji ya kuoga, chumba cha kumtenga mtu aliyechachamaa, na subira.

Basi siku ya mhudumu wa Lutindi ilikuwa siku ya msimamizi wa shamba na mlezi wa nyumba kuliko ya mtabibu. Kutwa nzima kumtazama huyu asijidhuru, yule asitoroke, wa tatu ale. Na juu ya hayo kulikuwa na suala la lugha. Fani nyingine za udaktari zinaweza kumpima mtu bila maneno mengi: mfupa uliovunjika unaonekana, homa inapimwa. Mgonjwa wa akili hupimwa kwa mazungumzo. Mhudumu aliyezaliwa Westfalia ilimbidi ajue kama mzee aliye mbele yake anaongea maneno yasiyo na kichwa wala miguu, au anaongea Kizigua safi kabisa. Kwa kuwa Lutindi ilikuwa hospitali pekee ya aina yake katika koloni zima, wagonjwa waliweza kutoka kokote, na Kishambaa kilichozungumzwa nje ya uzio hakikuwasaidia wengi wao.

Sasa tuteremke pwani, maana huko wagonjwa walikotolewa hawakuwa wamekaa tu wakimsubiri Mjerumani. Mtu aliyechachamaa hatari alifungwa nyumbani, pengine kwa mkatale, lile gogo lenye tundu la kupitisha mguu ambalo lilitumika pia kwa wahalifu na watumwa. Hiyo ndiyo sura ambayo wageni waliiandika sana, na ni kweli ilikuwepo. Lakini aliyebadilika tabia taratibu, aliyeacha kula, mwanamke aliyenyamaza baada ya kujifungua, hao walipelekwa kwingine. Kwa shehe kulikuwa na kombe: aya huandikwa kwa zafarani kwenye sahani nyeupe, huoshwa kwa maji, wakati mwingine kwa maji ya waridi, na mgonjwa akanywa. Kwa fundi wa pepo kulikuwa na ubani, kiti na ngoma, na kazi ya kwanza ilikuwa kumtaka pepo ataje jina lake, ni wa wapi na anadai nini. Mwaka 1936 Mwaustria Hans Koritschoner, ambaye baadaye alijulikana kama Hans Cory, alichapisha katika jarida la wanaanthropolojia wa London makala iliyoitwa „Ngoma ya Sheitani”, akiieleza waziwazi kama tiba ya maradhi ya nafsi. Kwa enzi yake huo ulikuwa ujasiri, kwa sababu maofisa wengi waliziona ngoma hizo kuwa kelele za usiku na sababu ya kutoza faini.

Tofauti kubwa ya njia hizo na Lutindi ilikuwa mahali. Ngoma ya pepo haiwezekani bila ndugu. Wao ndio wanaonunua mbuzi na kitambaa, wao ndio wanaoitikia nyimbo, na mara nyingi madai ya pepo ni madai ambayo mgonjwa mwenyewe asingethubutu kumtamkia mumewe au mama mkwe. Ugonjwa hutibiwa uani, majirani wanaona. Lutindi ilimwondoa mtu uani. Wapo waliopona na kurudi; wapo ambao kwa ndugu zao ilikuwa kama wameshazikwa.

Vita Kuu ya Kwanza ilipopiga hodi, Tanga ilikuwa mstari wa mbele. Waingereza walijaribu kutua Novemba 1914 wakashindwa vibaya, wakauchukua mji mwaka 1916 walipokuja kutokea bara. Wamisionari wa Kijerumani waliondolewa, wakarudi katikati ya miaka ya 1920, kisha vita ya pili ikawaondoa tena. Hapa kuna jambo ambalo halipaswi kupitwa haraka. Januari 1934 Ujerumani ilianza kutekeleza sheria ya kuwahasi kwa nguvu wenye maradhi yaliyoitwa ya kurithi, kifafa na wazimu yakiwemo, na Bethel yenyewe ilishiriki katika upasuaji huo. Kati ya 1940 na 1941 serikali ya Hitler iliua zaidi ya wagonjwa 70,000 wa hospitali za akili kwa gesi. Mgonjwa wa Kishambaa au Kidigo, aliyeandikwa na serikali kuwa mtu wa daraja la chini, katika miaka hiyo alikuwa salama kuliko mgonjwa mwenzake wa Kijerumani. Lutindi ilivuka vita vyote viwili.

Waingereza hawakutaka kuitegemea misheni. Mwaka 1927 walifungua Mirembe, Dodoma, katikati ya nchi, na kuanzia hapo mzigo mkubwa wa serikali ukaelekea huko. Kwa mtu wa Tanga hali ilikuwa mbaya zaidi kwa umbali. Reli ya Tanga haikuungana na Reli ya Kati hadi mwaka 1963, kipande cha Ruvu hadi Mnyusi kilipokamilika. Kabla ya hapo, safari ya kutoka Pangani kwenda Mirembe ilimaanisha kushuka hadi Dar es Salaam, kwa bahari au kwa barabara mbovu, ndipo kupanda treni nyingine. Hati ya kulazwa ilikuwa ya mahakama. Mgonjwa alisindikizwa kama mahabusu.

Madaktari wageni wa zama hizo hawakuwa wa aina moja, na tofauti zao zinaonyesha jinsi kazi hii inavyoweza kwenda kombo. Nairobi, hospitali ya Mathari iliongozwa tangu 1938 na J. C. Carothers, ambaye hakuwa amesomea magonjwa ya akili alipokabidhiwa kazi hiyo. Alikaa na wagonjwa miaka kumi na zaidi, kisha mwaka 1953 Shirika la Afya Duniani likamchapishia kitabu ambamo alidai kwamba Mwafrika haitumii ipasavyo sehemu ya mbele ya ubongo wake. Alikuwa amewaona watu waliong'olewa kwao, wakafungiwa, wakahojiwa kwa lugha ya watu wengine, akadhani ameliona bara zima. Thomas Lambo wa Nigeria alimjibu kwa vitendo: kuanzia mwaka 1954, huko Aro, Abeokuta, aliwaweka wagonjwa katika vijiji vya kawaida pamoja na jamaa zao, na hospitali ikawa jirani.

Upande wa Tanganyika alikuwepo Louise Jilek-Aall, daktari kutoka Norway. Alifika mwaka 1959, na mwaka uliofuata akaanzisha kliniki ya kifafa Mahenge, mkoani Morogoro. Alikuta wenye kifafa wakila na kulala peke yao, kwa kuwa watu waliamini povu na mate yao huambukiza, na wengi walikuwa na makovu ya moto kwa kuangukia mafiga bila mtu kuthubutu kuwashika. Dawa yake ilikuwa fenobabitoni, kidonge cha bei nafuu kilichojulikana Ulaya tangu mwaka 1912. Kilichofanya kidonge hicho kifanye kazi ni kwamba aliketi na wazee na waganga, akajifunza wanauelezaje ugonjwa huo, na kuwaacha watu wamwone yeye mwenyewe akimshika mgonjwa aliyeanguka. Mahenge si Tanga, lakini mgonjwa wa kifafa wa Mahenge na wa Handeni walikuwa wakiketi kwenye mkeka ule ule wa pembeni.

Baada ya uhuru, Dar es Salaam ilimpata Charles Swift, Mmarekani aliyefanya kazi Muhimbili katika nusu ya pili ya miaka ya 1960 na kuendelea hadi mwanzoni mwa miaka ya 1970. Kumbukumbu zake zimo katika kitabu cha „Dar Days”, kilichotoka mwaka 2002. Swift na wenzake wa wizarani walifanya hesabu rahisi: nchi ina madaktari wa akili wa kuhesabika kwa vidole, watu ni mamilioni, na hospitali zimejaa wagonjwa ambao wangeweza kulima. Azimio la Arusha lilikuwa limeshatangazwa, vijiji vya ujamaa vinaanzishwa, basi kwa nini pasiwe na vijiji vya wagonjwa pia? Vikaanzishwa, kimojawapo kikiwa Vikuruti, Dar es Salaam. Lile wazo la Bethel, kwamba jembe ni sehemu ya tiba, likazaliwa upya kwa jina la siasa nyingine. Vijiji hivyo vilikuwa na kasoro zake, hasa pale mgonjwa alipoonekana kuwa mkulima wa bure, lakini angalau mgeni aliyeshauri jambo alikuwa akiitazama nchi aliyomo.

Lakini kilichoibadilisha kazi kabisa ni chupa ndogo. Dawa ya klopromazini ilianza kutumika Paris mwaka 1952. Baadaye zikaja sindano za mafuta, flufenazini kwa mfano, ambazo mgonjwa huchomwa kwenye tako mara moja kwa mwezi au zaidi kidogo, na dawa ikaachilia nguvu yake polepole mwilini. Ghafla muuguzi mwenye mkoba na baiskeli aliweza kufanya kazi iliyohitaji uzio na mlima. Azimio la Alma-Ata la Septemba 1978 likaitaka dunia ipeleke afya hadi zahanati ya kijijini, na Tanzania, ambayo zahanati ilikuwa imeshazijenga, ikawa mahali pazuri pa kujaribia. Mapema miaka ya 1980 Shirika la Afya Duniani na serikali ya Denmark zikasaidia mpango wa taifa wa afya ya akili. Mikoa iliyochaguliwa kwa majaribio ilikuwa Morogoro na Kilimanjaro. Tanga, iliyo katikati ya mikoa hiyo na yenye hospitali kongwe kuliko zote, ikarukwa.

Hata hivyo mtindo uliosambaa ulifika. Ukiingia kliniki ya magonjwa ya akili katika hospitali ya wilaya siku yake ya juma, utakachokiona ni benchi refu, kadi zilizokunjika, na mama mmoja au wawili waliomshika kijana mkono. Anayewapokea mara nyingi si daktari bingwa bali ni muuguzi wa afya ya akili. Maswali yake ni ya kawaida: Analala? Anakula? Anaongea peke yake bado? Dawa zimeisha lini? Mgonjwa huulizwa pia, lakini jibu linaloandikwa kwenye kadi aghalabu ni la mama. Kisha sindano, vidonge vya haloperidoli au kabamazepini kama vipo dirishani, na tarehe ya kurudi. Dawa zikikosekana miezi miwili, kazi ya mwaka mzima huharibika, na mama yule yule humrudisha kijana akiwa amefungwa kwa kanga. Anayetaka kujua kwa nini wengine bado hufungwa minyororo majumbani aanzie hapo kwenye dirisha la dawa, kabla hajaanza kuhubiri juu ya ujinga wa wanavijiji.

Na waganga hawakwenda popote. Handeni na Pangani zina sifa ya uganga inayojulikana nchi nzima. Mwaka 2003 mtafiti M. C. Ngoma na wenzake, katika jarida la madaktari wa akili wa Uingereza, walichapisha utafiti wa Dar es Salaam ulioonyesha kwamba kati ya watu waliokwenda kwa waganga, 48 kwa mia walikuwa na sonona au wasiwasi uliopita kiasi, dhidi ya 24 kwa mia ya wale waliokwenda vituo vya afya. Maana yake ni kwamba wenye shida ya roho wanajua pa kwenda, na si hospitali peke yake. Tanga ilikuwa imeshapata somo hilo kwa mlango mwingine. Katika miaka ya 1990, UKIMWI ulipoanza kuua vijana wa Pangani na Tanga mjini, kiliundwa kikundi cha Tanga AIDS Working Group, ambapo watabibu wa hospitali ya Bombo walikaa meza moja na waganga, wakaandika majina ya mitishamba na kuwatembelea wagonjwa majumbani pamoja. Watu waliodhaniwa kuwa mahasimu waligundua kwamba wana mgonjwa mmoja. Kwa magonjwa ya akili ushirikiano wa namna hiyo haujapata nguvu kama ile, na hilo ni kosa, kwa sababu mganga humwona mgonjwa miezi, pengine miaka, kabla ya muuguzi.

Bombo yenyewe, iliyorithi eneo la hospitali ya Wajerumani juu ya bahari, imeongezewa kazi ambayo mashemasi wa 1904 wasingeielewa. Heroini ilianza kuingia pwani ya Afrika Mashariki katika miaka ya 1980, ikivutwa kwanza, kisha ikadungwa. Tanga ni bandari, iko njiani kwenda Mombasa, na maskani zake zikajaa mateja. Februari 2011 Muhimbili ilianza kutoa methadoni, dawa ya kuchukua nafasi ya heroini, na baadaye Tanga nayo ikapata kliniki yake. Dawa hiyo kwa kawaida hunywewa mbele ya mhudumu, kila siku, Jumapili na sikukuu zikiwemo. Mtu aliyezoea kuamka akitafuta unga huamka akienda hospitali. Nauli ya daladala kwenda na kurudi, kila siku ya Mungu, ndiyo sababu mojawapo ya watu kuacha.

Huko mlimani, Lutindi bado ipo, sasa chini ya Dayosisi ya Kaskazini Mashariki ya Kanisa la Kiinjili la Kilutheri. Wagonjwa bado huchuma chai, hufuma, huranda mbao, na wageni kutoka Ujerumani bado hufika, wengi wao vijana wa kujitolea. Jina la askofu Sebastian Kolowa wa dayosisi hiyo lilipewa chuo kikuu kilichoanzishwa Lushoto mwaka 2007, ambacho kilifundisha hata shahada ya afya ya akili na utengamao, lakini hakikudumu. Kwa upande wa serikali, Sheria ya Afya ya Akili ya mwaka 2008 ilikuja kuchukua nafasi ya zile za kikoloni.

Siku hizi mgonjwa hupelekwa Lutindi na jamaa zake, na jamaa hao hao hutarajiwa kumfuata akipata nafuu. Hilo la kumfuata ndilo gumu. Namba ya simu iliyoandikwa kwenye jalada haipatikani, nyumba ya Ngamiani, Tanga mjini, imeshauzwa, mama amefariki na kaka ana mke asiyetaka. Muuguzi anayeishughulikia kesi ya namna hiyo hulazimika kuwa mpelelezi na mshenga kwa pamoja: kumtafuta mwenyekiti wa mtaa, kumpigia mjomba wa Muheza, kueleza kwamba huyu mtu anajihudumia, anakula, anafanya kazi, ataondoka na dawa za mwezi mzima, na kliniki iko pale pale Bombo.